Dalali wa Mahakama au Msanii? Karatasi Kwanza, Friji Baadaye

Mwezi huu tunaweka pembeni habari za maua, manukato na chakula cha usiku kwa mwanga wa mshumaa. Tuongee pesa. Tena siyo ile mliyonayo, ni ile mnayodaiwa.

Naona kidole chako kinataka kufungua ukurasa wa mapishi. Subiri kwanza. Kijana wa siku hizi, hata kama ana tai shingoni na simu ya bei mbaya mfukoni, lazima kuna mahali anadaiwa. Kuna mkopo wa mshahara wa benki, mkopo wa kikoba, mkopo wa kwenye simu, na yule jamaa wa ofisini anayekupa laki moja leo ili mwisho wa mwezi umrudishie laki na thelathini. Kudaiwa si dhambi. Waswahili walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, na sisi wote harusini tunakwenda.

Ninachotaka tuongee ni pale matanga yanapohamia sebuleni kwako. Wanaume watatu mlangoni, faili mkononi, gari la mizigo limeegeshwa nje, na sauti inayofika mpaka nyumba ya tano: "Sisi ni madalali wa mahakama, tumekuja kukamata mali!"

Hapo nina maswali mawili. La kwanza, unajuaje kama kweli wametumwa na mahakama? La pili ndilo gumu zaidi: mwenzio unayelala naye kitanda kimoja, hilo deni analijua?

YALIYOTOKEA MZUMBE

Waliosoma Mzumbe wanapafahamu. Unatoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unakata Sangasanga, milima ya Uluguru inakutazama, na muda si mrefu uko chuoni. Enzi za IDM, kuanzia mwaka 1972, na baadaye kilipokuwa chuo kikuu mwaka 2001, maisha ya pale yamekuwa yakienda kwa kalenda ya wanafunzi. Chuo kikifunguliwa, steshenari, saluni, mama lishe na wenye vyumba vya kupangisha wote wanapumua. Chuo kikifungwa, Changarawe inakuwa kimya mpaka unasikia kuku wa jirani akikohoa.

Nina shoga yangu wa siku nyingi anaishi huko na mumewe. Yeye ameajiriwa, shemeji ana steshenari ndogo ya kutoa kopi na kuprinti kazi za wanafunzi. Nilikwenda kwao wikiendi moja kulikimbia joto la Dar. Jumamosi asubuhi, shemeji katoka, sisi tupo uani tunamenya ndizi, hodi ikapigwa.

Walikuwa watatu. Mmoja amevaa koti jeusi na amekumbatia faili.

"Mama, mumeo yuko wapi?"

"Katoka. Karibuni, kaka zangu. Nyie ni akina nani?"

"Sisi madalali wa mahakama. Mumeo kakopa, hataki kulipa. Tuna oda ya mahakama ya kuchukua friji, TV na makochi. Tufungulie tu kistaarabu, usituletee shida."

Shoga yangu alinitazama. Usoni kwake sikuona hofu ya kupoteza friji. Niliona mtu anayejiuliza: mkopo gani? Alikuwa hajui chochote. Na majirani tayari walikuwa wameshatoka, kila mmoja na kisingizio chake. Huyu anaanika nguo zilizokwisha kukauka, yule anafagia palipokwisha kufagiliwa.

Kisha yule wa koti akashusha sauti, akawa mpole kama mchumba. "Lakini dada, tunaweza kukusaidia. Tupe laki tatu ya gari na usumbufu, sisi tunaondoka. Mumeo akirudi atamalizana na ofisi."

Nikubali nisikubali, laki tatu ingetoka. Shoga yangu alikuwa ameshaingia ndani kutafuta mkoba. Kilichotuokoa ni kijana mmoja wa jirani aliyekwenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji. Mzee wa watu alifika taratibu, akasimama mbele ya wale vijana, akanyamaza. Alikuwa anasubiri shikamoo. Walipoitoa, ndipo akauliza:

"Marahaba. Kesi namba ngapi?"

"Mzee, haya ni mambo ya ofisi."

"Na mimi hapa ndiyo ofisi. Kesi namba ngapi, ya mahakama gani, na hakimu nani?"

Faili likafunguliwa. Ndani kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa NOTISI YA MWISHO YA KUKAMATA MALI. Muhuri wake ulikuwa wa kampuni iliyotoa mkopo. Hapakuwa na namba ya kesi, hapakuwa na muhuri wa mahakama, hapakuwa na sahihi ya hakimu wala msajili. Mzee akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia mwenyewe. "Hii ni barua ya kudai. Barua mnaacha, mnaondoka. Na hiyo laki tatu, risiti yake mnatoa wapi?"

Waliondoka wakisema watarudi. Hawakurudi.

Lakini msomaji wangu, usidhani hadithi iliishia kwa vigelegele. Deni lilikuwa la kweli. Shemeji alikopa kununua mashine ya kutolea kopi, likizo ndefu ya chuo ikamkuta, akaruka marejesho matatu. Aliporudi mchana ule na bodaboda, mkewe hakumuuliza habari za riba. Alimwambia, "Baba watoto, yaani habari za mume wangu nije kuambiwa na watu wa mlangoni, majirani wakinitazama?"

"Mama watoto, sikutaka ulale na mawazo."

"Sasa mawazo umeniletea, na aibu juu yake."

Hapo ndipo nilipoamua kuandika safu hii. Wale jamaa hawakuwa na amri ya mahakama, ila walikuwa na silaha mbili kali kuliko amri: macho ya majirani, na siri ya mume kwa mke. Ukiwanyang'anya hizo mbili, mkononi wanabaki na faili tupu.

DALALI WA KWELI NI NANI?

Tuanze na karatasi. Deni halitoki kwa afisa mikopo likaenda moja kwa moja mpaka kwenye friji lako. Katikati kuna mahakama, na safari yake ina vituo.

Kwanza anayekudai anafungua shauri, nawe unapata wito wa kwenda kujitetea. Pili, mahakama inasikiliza na kutoa hukumu. Tatu, kama umeshindwa na hujalipa, aliyeshinda anaomba kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Nne, mahakama ikikubali inatoa amri ya kukamata mali na kumkabidhi dalali. Hapo ndipo mtu anaweza kuja kwako akasema ametumwa na mahakama. Kama hujawahi kusikia kesi yoyote, una kila sababu ya kuuliza vituo vitatu vya mwanzo vilipitwa lini. Inawezekana kesi ilisikilizwa upande mmoja bila wewe kuwepo, mambo hayo yapo, lakini hata hapo namba ya kesi itakuwepo na utaweza kwenda kuifuatilia.

Dalali wa mahakama siyo mtu yeyote mwenye koti na sauti nene. Kanuni za madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka za mahakama za mwaka 2017 zinataka awe ameteuliwa, na awe amepata mafunzo katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Akikosea, kuna kamati ya kumwajibisha kinidhamu. Kwa maneno mengine, dalali wa kweli ana mwenyewe wa kumshitakia. Ndiyo maana wa kweli haoni taabu kutoa kitambulisho na nakala ya amri. Msanii ndiye anayekasirika ukimuuliza.

Wapo pia watu wa katikati, nao usiwachanganye. Mkopeshaji anaweza kuajiri kampuni ya kukusanya madeni. Hiyo ni kazi halali. Wana haki ya kukupigia simu kwa adabu, kukuandikia barua, hata kuja kuomba mzungumze. Lakini nguvu yao mlangoni kwako ni sawa na ya mgeni mwingine yeyote: anapiga hodi, akiambiwa karibu anaingia, akiambiwa siyo leo anaondoka. Tatizo linaanza pale anapovaa koti la mahakama ambalo hakupewa. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kughushi hati ya mahakama ni kosa kubwa zaidi. Hayo ni ya kupeleka polisi.

HATA WA KWELI ANA MIPAKA

Tuseme amri ni halali kabisa. Bado dalali hawezi kubeba kila anachokiona. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ile inayotumika kuanzia Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi kwenda juu, imetaja vitu visivyokamatwa. Nguo za lazima za mdaiwa, mke na watoto. Vyombo vya kupikia. Vitanda na matandiko. Mapambo ambayo mwanamke haruhusiwi na dini yake kuyavua. Vifaa vya kazi vya fundi, na zana za kilimo za mkulima. Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake nayo imo katika kinga hiyo. Friji, TV na makochi, pole sana, havimo.

Sheria hiyo hiyo inakataza kuingia katika nyumba ya kuishi kukamata mali baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza. Mtu anayekugongea saa tatu usiku na "oda" amejitambulisha mwenyewe. Na mali ikishakamatwa haiuzwi siku hiyo hiyo pale kona kwa bei ya kutupa. Kunatolewa tangazo, na mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 15 kwa mali inayohamishika, au siku 30 kwa isiyohamishika, mpaka wewe mwenyewe uridhie kwa maandishi. Siku hizo ni nafasi yako ya kwenda mahakamani, kulipa, au kuomba kulipa kidogo kidogo.

Na habari ya jela? Wengi wanatishwa na hiyo. Ni kweli kifungo cha madai kipo katika sheria zetu, lakini anayekiamua ni mahakama, tena baada ya mdaiwa kuitwa ajieleze kwa nini asifungwe. Afisa mikopo hana pingu. Kituo cha polisi nacho siyo ofisi ya kukusanyia marejesho, isipokuwa kama ulikopa kwa ulaghai, kwa mfano kwa kupeleka hati ya kughushi, hapo umeingia kwenye jinai mwenyewe.

Usidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Jirani zetu Kenya wana sheria ya wapiga mnada ya mwaka 1996, na kanuni zake zinataka mdaiwa aorodheshewe mali na apewe siku 7 kabla haijachukuliwa. Uingereza nako, tangu kanuni mpya zilipoanza mwaka 2014, anayetekeleza amri anatoa notisi ya siku 7 kamili, na saa zake za kufika kwa kawaida ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Mdai wa kawaida wa kampuni hana ruhusa ya kuingia kwa nguvu hata kidogo. Watunga sheria wa nchi hizi wote wameona jambo moja: mlango wa nyumba ya mtu unahitaji ulinzi, hata kama mwenye nyumba anadaiwa.

ULISAINI TV KUWA DHAMANA?

Hapa sitaki kukudanganya ili unipende. Kama uliandika kwa mkono wako kwamba TV na friji ni dhamana ya mkopo, mkopeshaji ana madai ya kweli juu ya vitu hivyo. Usimwite mwizi. Kasome mkataba: unasema ukichelewa kinatokea nini, notisi ni ya siku ngapi, na gharama za kufuatilia zinahesabiwaje? Hata hivyo, mkataba haumpi mtu ruhusa ya kuvunja mlango, kumsukuma mkeo, au kujiita mahakama.

Kama dhamana ni nyumba au kiwanja, mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa sababu ile kinga ya nyumba ya kuishi haikusaidii kwa kitu ulichokiweka rehani mwenyewe. Lakini Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 60 urekebishe kabla hajauza. Na hapa wenye ndoa sikilizeni: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuweka rehani au kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inadai ridhaa hiyo hiyo kwenye rehani. Kwa hiyo sahihi yako siyo ya kupiga ukiwa unasonga ugali. Ukiletewa karatasi na mumeo au mkeo, kaa chini, isome.

Na je, wakikamata kitu chako kwa deni la mwenzio? Kabati ulinunua wewe, risiti ina jina lako, deni hulijui. Unaweza kupeleka pingamizi mahakamani kabla ya mnada ukithibitisha kuwa mali ni yako. Ndiyo maana nasisitiza risiti zitunzwe. Siyo za kumkomoa mwenzio siku ya ugomvi, ni za siku kama hiyo.

DALALI WA KWENYE SIMU

Siku hizi wengine hawaji hata na gari. Wanakuja na simu. Ulipakua programu, ukakubali kila kitu bila kusoma, wakachukua orodha ya namba zako. Ukichelewa siku mbili, bosi wako, mama mkwe na mchungaji wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Wengine wanatumiwa picha ya "hati ya mahakama" kwa WhatsApp, ina bibi na bwana na ngao juu, ukiisoma kwa makini haina namba ya kesi.

Kampuni na watu binafsi wanaokopesha wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wenye leseni wameorodheshwa kwenye tovuti ya Benki Kuu, na kuangalia jina kunachukua dakika moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakupa mahali pa kulalamika namba za watu wako zinapotumika kukuaibisha. Kenya, Benki Kuu yao ilipiga marufuku vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mkopaji, katika kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali.

WAKIPIGA HODI, FANYA HIVI

Kata ukurasa huu ubandike nyuma ya mlango kama ni lazima.

1. Zungumza nao ukiwa nje au mlango ukiwa umefungwa. Ukiwakaribisha ndani, kuwatoa ni kazi.

2. Uliza mambo matatu kwa sauti ya upole: kitambulisho, amri ya mahakama, namba ya kesi. Soma kwa macho yako. Tafuta jina la mahakama, muhuri wake, sahihi, tarehe, na majina ya wadaiwa. Piga picha.

3. Mwite mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, au mtendaji. Dalali wa kweli kwa kawaida anapitia kwa viongozi wa eneo, kwa hiyo hatashtuka kuwaona.

4. Piga simu au tuma mtu mahakama iliyotajwa kwenye karatasi akaulize. Walioko Morogoro wana Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki mjini, mahakama za ngazi mbalimbali ziko hapo pamoja.

5. Usitoe pesa mkononi. Hakuna "ya gari" wala "ya usumbufu". Malipo ya deni yanakwenda kwenye akaunti au namba rasmi ya mkopeshaji, na yanatoka na risiti.

6. Usisaini chochote mlangoni. Karatasi ya "kukubali kukabidhi mali kwa hiari" ni mtego unaopendwa sana.

7. Kama amri ni ya kweli, usipigane. Kumzuia kwa nguvu anayetekeleza amri ya mahakama kutakuongezea kesi. Hakikisha kila kitu kinachochukuliwa kinaandikwa kwenye orodha, ubaki na nakala, kisha uende mahakamani siku hiyo hiyo.

8. Kama ni wasanii na wanatishia, polisi. Sema wazi: watu wanajifanya madalali wa mahakama.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo mpaka wilayani. Waulize ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu wakuelekeze.

SASA TURUDI CHUMBANI

Ukishajua yote hayo, bado hujamaliza. Dawa ya deni ni kulipa, na karatasi feki haifuti deni la kweli. Jumatatu iliyofuata, shoga yangu na mumewe walikwenda wote wawili kwenye ofisi ya yule mkopeshaji. Waliomba marejesho yapunguzwe mpaka chuo kitakapofunguliwa, wakaandikiana upya. Jambo moja lililonifurahisha: aliyeongea zaidi ni mke. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyejua mshahara wake unaweza kubeba kiasi gani. Shemeji peke yake alikuwa akiahidi asichokuwa nacho, mwezi hadi mwezi, kwa sababu hakuwa na wa kushauriana naye.

Akina kaka, najua mnavyofikiri. Mwanaume hamwambii mkewe kwamba amekwama. Akina dada, na sisi tuache kujifanya malaika. Mikopo ya kausha damu ya siri kwa ajili ya vitenge na michango ya sherehe tunaijua. Kila mmoja anaficha akidhani anamlinda mwenzake. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Deni utakalomwambia mwenzio leo mezani, kwa sauti yako na kwa wakati wako, ni tatizo la watu wawili. Hilo hilo akiambiwa na mtu wa koti jeusi Jumamosi asubuhi, ni usaliti.

Na wewe unayeambiwa, pokea vizuri. Ukimpigia kelele mtu siku anapokiri, umemfundisha kunyamaza siku nyingine. Muulize kwanza "ni kiasi gani?" kabla ya kumuuliza "kwa nini?" Swali la kwanini lina muda wake, litasubiri.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ya mwezi huu ni moja. Jioni moja, watoto wakishalala, TV izimwe wakati bado ni yenu. Chukueni daftari, kila mmoja aandike anadaiwa na nani, kiasi gani, marejesho lini, na alisaini nini kuwa dhamana. Badilishaneni madaftari. Hakuna kununa mpaka asubuhi. Inawezekana kuna jina moja au mawili yatakayokushtua. Afadhali yakushtue kwenye daftari.

Tukutane mwezi ujao. Mpaka hapo pendaneni, ambianeni, na mlipe madeni yenu. Na akija mtu na faili, mwambieni kwa heshima zote: karatasi kwanza, friji baadaye.